Merikebu ya Matembezi: Safari ya "Quaker City" katika Bahari ya Kati, 1867

Somo letu la leo ni la historia. Maneno yaliyosomwa redioni yamepigwa chapa hapa ili wewe msomaji uyafuate polepole, mstari kwa mstari, na kuyarudia nyumbani. Ukikuta neno gumu, usikate tamaa. Mwisho wa somo tumeeleza maana ya maneno machache, na baada yake kuna maswali ya kuzungumza darasani.

Kwanza nakuuliza: mtu husafiri kwa sababu gani? Utanijibu: husafiri kufanya biashara, kutafuta kazi, kwenda kuhiji, kumtazama mgonjwa, kuhudhuria arusi au matanga. Yote hayo ni kweli, na ndivyo watu walivyosafiri baharini tangu zamani. Lakini je, umepata kusikia habari za merikebu iliyovuka bahari kuu, ikakaa safarini zaidi ya miezi mitano, bila kuchukua bidhaa na bila kwenda vitani, ila kuwatembeza abiria wake tu, wapate kuona nchi za watu? Leo tutasoma habari za merikebu ya namna hiyo. Tena tutaona jambo moja walilolifanya abiria wanne usiku mmoja, nawe utapima mwenyewe kama walifanya vema au vibaya.

Itazame ramani ya dunia. Kaskazini ya Afrika utaona bahari iliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Hiyo ndiyo Bahari ya Mediterania. Wengine huiita Bahari ya Kati, kwa kuwa iko katikati ya mabara matatu: Afrika kusini yake, Ulaya kaskazini, na Asia mashariki. Upande wa magharibi kuna mlango mwembamba wa Gibraltar, unaotokea bahari ya Atlantiki. Mfereji wa Suez, unaoiunganisha na Bahari ya Sham, ulikuwa bado unachimbwa katika mwaka tunaousoma. Ulifunguliwa mwezi wa Novemba 1869.

Mwaka wetu ni 1867. Huku kwetu, Unguja ilikuwa ikitawaliwa na Sayyid Majid bin Said. Huko Marekani, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla yake.

MERIKEBU NA ABIRIA WAKE

Merikebu hiyo iliitwa Quaker City. Ilijengwa Philadelphia mwaka 1854. Ilikwenda kwa nguvu ya moshi, na ubavuni ilikuwa na magurudumu makubwa ya kupiga maji. Wakati wa vita ilitumiwa na wanamaji wa serikali. Vita vilipokwisha, nahodha Charles Duncan pamoja na wenzake walitoa tangazo la safari ya kutembelea bandari za Mediterania na nchi takatifu. Nauli ya mtu mzima ilikuwa dola 1,250, fedha nyingi sana siku hizo. Kwa hiyo waliokwenda walikuwa watu wenye uwezo, zaidi ya 60.

Sasa sikiliza vizuri. Nauli ile ilikuwa ya merikebu: kitanda, chakula na njia ya baharini. Matumizi ya nchi kavu yalikuwa juu ya kila abiria mwenyewe, na tangazo liliwashauri wakadirie dola 5 za dhahabu kwa kila siku ya kutembea bara. Basi merikebu ilikuwa kama nyumba inayoelea. Ikifika bandarini, mlango umefunguliwa: mwenye kupenda kubaki atabaki, mwenye kupenda kutoka atatoka kwa miguu yake na kwa mfuko wake. Sharti lilikuwa moja tu, awahi kurudi kabla nanga haijang'olewa.

Miongoni mwa abiria alikuwamo mwandishi wa magazeti wa miaka 31. Jina lake halisi lilikuwa Samuel Clemens, lakini wasomaji walimjua kwa jina la Mark Twain. Nauli yake ililipwa na gazeti la Alta California la mji wa San Francisco, kwa mapatano kwamba atapeleka barua za safari zichapishwe. Habari nyingi za somo hili zatokana na maandishi yake. Alikuwa mcheshi, na mara nyingine alitia chumvi. Tumsome basi kwa tabasamu, lakini kwa hadhari.

Quaker City iliondoka gatini New York tarehe 8 Juni 1867. Dhoruba iliizuia karibu na bandari, ikaanza bahari kuu tarehe 10. Safari ya namna hii ilikuwa ngeni hata wenyeji wa bandari nyingine hawakuiamini. Walipofika Livorno, katika Italia, wakuu wa mji walishuku. Merikebu kubwa ivuke Atlantiki kwa matembezi tu? Haiwezekani! Siku hizo jemadari Garibaldi alikuwa akitaka kuiteka Roma, na wakuu wakadhani kwamba wageni hawa wana shauri naye la siri. Wakaweka walinzi kuichunga merikebu.

KUONGOZWA NA KUJIONGOZA

Mtu akishuka katika mji asioujua, ana njia mbili. Aweza kushikwa mkono na kiongozi, au aweza kujiongoza mwenyewe. Abiria wa Quaker City walizijaribu zote mbili.

Mafunzo yalianza mapema, katika visiwa vya Azores, mali ya Ureno. Mark Twain asimulia kwamba abiria mmoja aliwaalika rafiki zake tisa kula hotelini. Walikula na kunywa, kisha hesabu ikaletwa: reis 21,700. Maskini yule bwana alikaribia kuzimia. Akaona amefilisika, na nyumbani hatafika tena. Kumbe reis 1,000 za Ureno zilikuwa sawa na dola 1 tu. Hebu chukua kalamu upige hesabu: alidaiwa dola 21 na senti 70. Hofu yote ile ilitokana na kutojua thamani ya fedha za wenyeji.

Kutoka Marseille, Mark Twain na wenzake walipanda gari la moshi hadi Paris. Huko walimwajiri kiongozi awaonyeshe mji. Walitaka kuona majumba na makumbusho, lakini kiongozi yule kila mara aliwapitisha katika maduka ya hariri. Waligundua sababu: alipata fungu lake katika kila kitu ambacho wageni walinunua. Genoa walipata kiongozi mwingine, naye aliwaonyesha kwa fahari barua iliyoandikwa na Christopher Columbus mwenyewe, na sanamu yake. Wao walikuwa wamechoka kuambiwa wastaajabu nini na wapi. Wakamtania: waliitazama sanamu kwa nyuso kavu, wakauliza kama bwana huyo amekwisha kufa. Kiongozi akapigwa na bumbuazi.

Baada ya hapo walijiongoza kwa namna nzuri. Merikebu ilifuata pwani, lakini wao walishika njia ya bara kwa gari la moshi: Milan, ziwa la Como, Venice, Florence na Pisa. Wakaikuta merikebu Livorno. Fikiri walivyohitaji kujua ili wafanye hivyo: kusoma ramani, kusoma saa za magari, kuhesabu fedha, na kukumbuka tarehe ya kuondoka, kwa maana merikebu haimngoji mtu. Nawe unayejifunza kusoma leo, utakapoweza kusoma ubao wa stesheni na bei iliyoandikwa dukani, umekwisha kupata nusu ya uhuru wa msafiri.

Lakini tusimdharau kila kiongozi. Baadaye, walipofika Beirut, Mark Twain na wenzake saba walitaka kuingia bara kwa farasi, hadi Dameski na Yerusalemu. Hapo walimwajiri mtarjumani, na kila mmoja alilipa dola 5 za dhahabu kwa siku. Njia ilikuwa ngumu, lugha hawakuijua, na maji yalikuwa ya shida. Kujitegemea hakuna maana ya kukataa msaada wa ajuaye.

NENO "KARANTINI"

Mwaka ule kulikuwa na adui mmoja katika bandari za Mediterania. Adui huyo ni kipindupindu. Ugonjwa huo ulikuwa Italia, na kila bandari iliogopa vyombo vilivyotoka penye ugonjwa. Hapa ndipo tunapokutana na neno karantini. Asili yake ni neno la watu wa Venice lenye maana ya arobaini. Katika mwaka 1377, mji wa Ragusa, unaoitwa leo Dubrovnik, uliamuru kwamba watu waliotoka penye tauni wakae mbali na mji kwa siku 30. Baadaye miji ya bandari iliongeza zikawa siku 40. Kutoka hesabu hiyo ya arobaini likatoka jina. Hata Unguja baadaye ilikuwa na mahali pa karantini, nako ni kisiwa cha Changuu.

Abiria wetu walikutana na karantini mara nyingi. Katika ziwa la Como, wakuu waliwafungia chumbani na kuwafukizia moshi wenye harufu mbaya, wakidhani kwamba moshi huo utaua ugonjwa. Huko Naples merikebu ilizuiwa bandarini kwa siku nyingi. Waliokuwa ndani waliutazama mji kwa mbali kama wafungwa. Mark Twain na wenzake waliofika Naples kwa gari la moshi kutoka Roma walitembea mjini watakavyo.

USIKU WA PIRAEUS

Kutoka Naples merikebu ilikwenda Ugiriki, ikafika Piraeus katikati ya Agosti 1867. Piraeus ndiyo bandari ya Athens. Kwa mbali abiria waliona mlima wa Acropolis, na juu yake hekalu la Parthenon. Hekalu hilo lilianza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo. Lilisimama zaidi ya miaka elfu mbili. Kisha mwaka 1687 Waturuki waliweka baruti ndani yake, mzinga wa jeshi la Venice ukaipiga, na hekalu likapasuka. Hata hivyo nguzo nyingi zilibaki zimesimama.

Watu hawa walikuwa wamesoma habari za Athens tangu utoto wao. Ndipo mkuu wa bandari alipokuja na mashua yake, akasimama mbali, akawaambia: ama mngoje siku 11 za karantini, ama mwende zenu. Nahodha aliamua kuchukua chakula na kuondoka kesho yake. Mchana kutwa abiria waliutazama mlima ule. Wengine wakauliza: je, tukishuka kwa siri tutafanywa nini? Mkuu alijibu kwamba adhabu ni kali sana. Nahodha naye alikuwa amewasimulia habari za mtu aliyeogelea pwani kutoka chombo kilichowekwa karantini, akafungwa miezi sita.

Saa tano ya usiku, wenzao wengi wakiwa wamelala, watu wanne walishuka kwa mashua ndogo. Mark Twain alikuwa mmoja wao. Waliuzunguka mji wa Piraeus kwa mbali ili polisi wasiwaone, kwa maana wahenga wetu husema mgeni ni kuku mweupe: hata awe kati ya kuku mia, ataonekana. Walitembea wawili wawili, wakipita katika mawe na miiba. Njia hawakuijua, basi walishika alama ya mlima. Walipita katika mashamba ya mizabibu, wakachuma zabibu zisizo zao. Mlinzi akatokea gizani, nao wakatoka mbio.

Walipofika Acropolis, lango lilikuwa limefungwa. Walijaribu kupanda ukuta. Walinzi wakaamka, wakatoka. Wageni wakawapa fedha, wakafunguliwa. Basi wakasimama ndani ya Parthenon katika mwanga wa mwezi, katikati ya nguzo nyeupe na sanamu zilizovunjika, na chini yao mji wa Athens ulikuwa umelala, kila nyumba ikionekana wazi. Hapakuwa na kiongozi wa kuwaambia wastaajabu. Walistaajabu wenyewe. Mark Twain, aliyepata kumtania kila kiongozi wa Italia, hakutania mahali pale.

Wakarudi mbio, wakifukuzwa na walinzi wa mashamba na kubwekewa na mbwa. Kulipopambazuka walikuwa ndani ya merikebu. Hakuna aliyewakamata.

JE, WALIFANYA VEMA?

Hapa, ndugu msomaji, usiharakishe kujibu. Huenda moyo wako unawapongeza, na hata mimi nikisoma habari hizi nafurahi walipofika juu. Kutembea kwingi ni kuona mengi, nao waliona kitu ambacho wenzao waliolala hawakukiona.

Lakini sasa simama upande wa pili. Wewe ni mwenyeji wa Piraeus. Una mke na watoto. Umesikia kwamba Italia watu wanakufa kwa kipindupindu. Merikebu imetoka huko, na serikali yako imeizuia kwa ajili ya uhai wako. Usiku watu wanne wanapita katika shamba lako, wanashika zabibu zako, wanakutana na walinzi wa mji wako. Je, wamekuuliza?

Siku hizo madaktari wengi walifikiri kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha huko London, mwaka 1854, kwamba huletwa na maji machafu, lakini wengi hawakumsadiki. Sisi tunajua leo kwamba alisema kweli. Moshi wa Como haukufaa kitu. Lakini kumtenga mtu aliyetoka penye ugonjwa kulikuwa na maana, kwa sababu mtu aweza kuonekana mzima, na kumbe amebeba vijidudu vinavyoweza kuingia katika maji ya wengine.

Wale wanne hawakusikia kwamba wamemwambukiza mtu. Lakini bahati njema haibadili kosa kuwa haki. Na tazama, mwezi uliofuata, huko Dameski, Mark Twain mwenyewe alilala kitandani, mgonjwa wa kipindupindu, au ugonjwa wa tumbo uliofanana nacho. Alipona, akaendelea na safari. Sisi tuliokaa pwani hii twajua wengine hawakupona. Miaka miwili baadaye, mwaka 1869 hadi 1870, kipindupindu kiliingia Unguja kikaua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekaa Unguja siku zile, aliichunguza njia ya ugonjwa huo, na mwaka 1876 alitoa kitabu juu yake. Alionyesha kwamba ulifuata misafara na vyombo. Maana yake, ulifuata nyayo za wasafiri.

Kuna kosa jingine, dogo kwa umbo. Baadhi ya abiria walikuwa na tabia ya kuvunja vipande vya mawe katika majengo ya kale ili wavipeleke nyumbani. Walipotembelea magofu ya Efeso, serikali ya Uturuki ilikataza wasichukue kitu. Mark Twain aliwacheka wenzake kwa tabia hiyo. Kama kila mgeni akichukua jiwe moja, mgeni wa mwisho ataona nini?

MWISHO WA SAFARI

Kutoka Yafa merikebu ilikwenda Iskanderia, na abiria wakaziona piramidi za Misri. Kisha wakageuza uso kuelekea kwao, wakafika New York tarehe 19 Novemba 1867. Mark Twain alikusanya barua zake, akazitengeneza, na mwaka 1869 akatoa kitabu kilichonunuliwa na makumi ya maelfu ya watu. Wengi walisoma humo kwa mara ya kwanza kwamba mtu wa kawaida aweza kuitazama dunia kwa macho yake, na kusema alichokiona badala ya alichoambiwa akione.

Leo merikebu za matembezi zinazoingia Mediterania ni kubwa sana, na moja yaweza kuchukua maelfu ya abiria. Swali la Piraeus halijakwisha. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, bandari nyingi zilizikataa merikebu hizo. Mwaka 2021, serikali ya Italia ilizikataza merikebu kubwa zisipite katikati ya Venice, kwa ajili ya kuulinda mji huo wa kale.

Basi tukumbuke hivi. Ukifika mji wa watu, tembea kwa miguu yako, soma kwa macho yako, uliza kwa kinywa chako. Usikubali kuona duka la hariri tu. Lakini bandari ile ni nyumba ya watu. Mgeni ataondoka kesho na merikebu yake. Mwenyeji atabaki na maji yale yale, na mawe yale yale, na watoto wake.

Kwa herini, hata somo lijalo.

MANENO
Karantini: kuwatenga watu au vyombo kwa muda, ili ugonjwa usienee.
Gati: mahali merikebu inapofungwa bandarini.
Kufukiza: kutia moshi au mvuke wenye harufu.
Mtarjumani: mtu anayefasiri lugha moja kwa nyingine.
Magofu: majengo ya kale yaliyobomoka.

MASWALI
1. Nauli ya dola 1,250 ililipia nini, na haikulipia nini?
2. Kwa nini wakuu wa Livorno waliishuku merikebu?
3. Kama reis 1,000 ni dola 1, reis 6,500 ni dola ngapi na senti ngapi?
4. Zungumzeni darasani: kama ungalikuwa abiria usiku ule wa Piraeus, ungalishuka? Na kama ungalikuwa mlinzi wa lango la Acropolis, ungalifungua?
5. Andika mistari mitano juu ya mji au kijiji ulichopata kukitembelea. Eleza uliyoyaona mwenyewe, si uliyoambiwa.